Namna ya Kuunga Picha Nyingi Zikawa Moja

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mmoja wa wanafunzi wa zamani, ambaye ni mpiga picha hapa mjini, katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika shuleni, Mirongo. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema. – Mhariri)



Halmashauri ya mkutano ilinitaka nieleze namna picha nyingi zinavyoungwa zikawa picha moja ndefu isiyoonyesha mshono. Sababu zao ni mbili. Kwanza, alasiri hii tutapiga picha ya pamoja, nasi tu wengi kuliko kamera yangu. Pili, vijana wa klabu ya picha ya shule wanataka kutengeneza picha ya bonde zima la Mto Mirongo, kutoka milimani hadi ziwani, waitundike ukutani. Nimepewa nusu saa. Nitajitahidi nisiivuke, maana nakumbuka vizuri jinsi sisi wenyewe tulivyokuwa tukiwasikiliza wageni rasmi.

Nina jambo moja la kusema, na mengine yote ni maelezo yake. Picha pana iliyo nzuri haitengenezwi wakati wa kuunga. Hutengenezwa pale mpiga picha anapochagua mahali pa kusimama. Na mshono ukishapotea machoni, kuna kitu kingine kilichopotea pamoja nao. Lazima tujue ni kitu gani, na tukihifadhi.

Kwa nini picha moja haitoshi

Mtu akipanda kilima cha Bugando asubuhi akatazama magharibi, anaona mambo mengi kwa mara moja: mapaa ya mji, majabali yaliyobebana, Capri Point, Kisiwa cha Saanane, ghuba na ng'ambo yake. Akishuka na kumwonyesha mwenzake picha aliyopiga, mwenzake anaona kipande tu. Kamera haina kosa. Lenzi ya kawaida ya milimita 50, katika kamera ya filamu ya milimita 35, huchukua upana wa digrii 40 hivi, yaani sehemu moja ya tisa ya duara nzima. Macho yetu mawili huchukua mara nne ya hapo au zaidi, na bado tunageuza shingo.

Ziko lenzi za upana mkubwa, lakini nazo zina bei yake. Husogeza mbali kilichokuwa karibu, na huvuta vitu vya pembeni. Ndugu aliyesimama mwisho wa mstari hutoka amenenepa asivyo, kisha humlaumu mpiga picha. Dawa iliyobaki ni kupiga picha kadhaa, moja baada ya nyingine, na kuziunga.

Hapa nawaomba vijana washike kalamu. Tuseme tunataka nusu duara, digrii 180. Kila picha ina digrii 40. Mtu anaweza kudhani picha tano zinatosha, maana tano mara 40 ni 200. Hazitoshi, kwa sababu kila picha lazima ipandane na jirani yake. Tukiruhusu theluthi moja ya kupandana, kila picha mpya inatuongezea digrii 27 hivi. Ya kwanza inatupa 40, zinabaki 140. Gawanya kwa 27, unapata tano na kidogo, basi tuseme sita. Jumla ni picha saba. Aliyepiga tano akaokoa filamu hana picha ya kuunga, ana picha tano zilizokaa jirani.

Mnaoshonesha nguo mnalijua jambo hili. Fundi cherehani akiletewa kitenge chenye maua makubwa hakati vipande viishie pale pale panapokutana. Anaacha nguo ya kuingia ndani ya mshono. Tena, kama ni fundi kweli, anasogeza kipande kimoja mpaka nusu ya ua la upande huu ikutane na nusu yake ya upande ule. Nguo inayoingia ndani haionekani na mtu yeyote, lakini bila hiyo hakuna shati. Sehemu mbili za picha zinazopandana zina kazi hiyo hiyo.

Waliotutangulia

Neno panorama lilianza kwa mchoraji Robert Barker wa Edinburgh. Mwaka 1787 alijipatia hati ya kuchora mandhari kwa kuizungusha duara nzima, mtazamaji akasimama katikati. Kamera ilipokuja, wapiga picha waliiga. Mwaka 1848 Charles Fontayne na William Porter walipiga ukingo wa mto katika mji wa Cincinnati, Marekani, kwa mabamba manane ya shaba yaliyopakwa fedha. Hawakuficha mishono. Waliyapanga mabamba ndani ya fremu moja, kila moja na mpaka wake. Baada ya zaidi ya miaka 150, wataalamu waliyakagua kwa hadubini na kusoma hata saa ya mnara. Naomba mkumbuke habari hiyo, nitairudia.

Mwaka 1904 ikaja kamera iitwayo Cirkut. Hii haikuunga vipande. Ilizunguka yenyewe juu ya stendi huku filamu ikipita nyuma ya ufa mwembamba. Ilipendwa sana kwa picha za shule na za majeshi. Nayo ilizaa utundu mmoja maarufu: mwanafunzi alisimama mwisho wa kushoto, kamera ikishampita akakimbia nyuma ya wenzake, akaikuta tena mwisho wa kulia. Picha ikatoka ana pacha. Nawaambia mapema, ndugu zangu, kwamba leo mbio hizo hazina faida. Nitaeleza sababu yake.

Huku kwetu kuunga picha kulikuja zaidi kwa njia ya anga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndege za Lancaster za jeshi la anga la Uingereza zilipita juu ya nchi za Afrika Mashariki zikipiga picha kwa ajili ya ramani. Kanuni ya wapima ardhi ilikuwa kwamba kila picha ipandane na iliyotangulia kwa asilimia 60 hivi, na mstari mmoja wa ndege upandane na wa pili kwa robo hivi. Picha zilipangwa juu ya ubao mkubwa kama vigae, na ubao wenyewe ukapigwa picha. Kabla mchoraji hajashika kalamu, nchi ilikuwa imeonekana yote kwa mara moja.

Kanuni tano kabla ya kufyatua

Ya kwanza ni mahali pa kusimama. Nyosheni mkono mbele, inueni kidole gumba, fumbeni jicho moja, kisha lingine. Kidole kimehama, ukuta umebaki. Hivyo ndivyo kamera inavyoona ikihamishwa hata sentimita chache: kilicho karibu kinaruka, kilicho mbali kinatulia. Wataalamu wanaita paralaksi. Picha ya kwanza ikionyesha mwamba umeziba mlango wa nyumba, na ya pili ikionyesha mlango wote, hakuna fundi wala mashine itakayoziunga kwa haki, maana kamera zilikuwa mahali pawili. Kwa hiyo kamera izungushwe juu ya nukta moja, nayo ni pale mwanga unapoingilia ndani ya lenzi. Mwenye simu ya mkononi asinyoshe mikono na kujizungusha kiuno kama mcheza ngoma. Aishike simu mahali pamoja, kisha yeye ndiye aizunguke. Milima ya mbali inasamehe. Jabali lililo mita mbili mbele yako halisamehi.

Ya pili ni kupandana, ambayo tumekwisha kuihesabu. Theluthi moja ni kiasi kizuri. Kamera ikisimamishwa wima badala ya kulazwa, picha zitakuwa nyingi zaidi, lakini utapata mbingu na ardhi ya kutosha, na kasoro za pembeni zitakatwa bila hasara.

Ya tatu ni mwanga. Kamera za siku hizi hupima mwanga upya kila zinapogeuzwa. Ikielekea ziwani linalong'aa, inapunguza. Ikielekea vichaka vya mlimani, inaongeza. Matokeo yake mbingu moja inakuwa na mistari kama kaniki iliyochujuka. Pima mwanga mara moja, mahali pa wastani, kisha funga kipimo hicho, pamoja na umbali wa kulenga na rangi, mpaka picha ya mwisho. Hapa Mwanza nawashauri mpige asubuhi. Ghuba iko magharibi yetu, hivyo asubuhi jua linakuwa mgongoni na kila paa linaonekana. Jioni ni nzuri kwa kadi za posta, si kwa kazi hii.

Ya nne ni usawa. Stendi ya miguu mitatu isimame wima kabisa kabla ya kuzungusha. Ikiinama kidogo, upeo wa ziwa utapanda na kushuka kama nyoka, na kila mtu atajua, kwa maana maji hayalali mteremko.

Ya tano ni vitu vinavyotembea. Mawingu, mitumbwi, daladala, mbuzi na binadamu havitangoji mmalize. Pigeni haraka, na angalieni sehemu za kupandana kuliko katikati. Mtu akipita katikati ya picha hana madhara. Akipita mahali pa mshono, atatoka nusu, au mara mbili, au atafutika.

Kuunga kwa mkono

Katika chumba cha giza tulisafisha picha zote siku moja, kwa dawa moja, karatasi za pakiti moja, na sekunde zile zile za mwanga. Ukibadilisha hata kimoja, weupe wa picha ya tatu hautalingana na wa nne. Kisha tulitafuta njia ya kukatia. Anayeanza kazi hukata mstari mnyofu kwa rula, na mstari huo huonekana kutoka mlangoni. Anayejua hufuata kitu kilichomo ndani ya picha: ukingo wa mwamba, shina la mti, kona ya jengo. Jicho likikuta mpaka hapo halishangai, kwa kuwa mpaka ulikuwapo tangu mwanzo. Mbinguni hakuna pa kujificha, kwa hiyo pale huepukwa kadiri iwezekanavyo.

Ukingo wa picha ya juu ulikunwa kwa nyuma kwa msasa laini mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ndipo ukabandikwa. Makovu madogo yalizibwa kwa brashi ya nywele chache na wino uliochanganywa na maji. Mwisho, picha nzima ilipigwa picha tena ili ipatikane negativu moja. Kazi ya picha saba iliweza kula siku mbili, na kosa la msasa lilirudisha kila kitu mwanzo.

Kuunga kwa kompyuta

Leo simu hufanya kazi hiyo kwa muda wa kupiga chafya. Lakini hatua zake ni zile zile, na ni vizuri vijana wazijue ili wasidhani ni uganga.

Kwanza, programu inatafuta alama katika kila picha: kona ya dirisha, doa juu ya jiwe, ncha ya nguzo. Njia iliyoleta mabadiliko makubwa ilitolewa mwaka 1999 na David Lowe, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Alama zake hutambulikana hata picha ikigeuzwa upande au ikikuzwa. Pili, programu inalinganisha alama za picha mbili, kama fundi anavyotafuta nusu ya ua. Nyingi zitafanana kwa bahati tu, maana madirisha ya nyumba moja ni ndugu. Hapo inatumika hila iliyotolewa na Martin Fischler na Robert Bolles mwaka 1981: chukua alama chache kwa kubahatisha, zikubali kwa muda, uone alama nyingine ngapi zinaziunga mkono. Rudia mara nyingi. Kundi lenye mashahidi wengi ndilo linalosadikiwa, na waongo wanatupwa nje. Tatu, picha zote zinarekebishwa kwa pamoja, ili kosa dogo la kila kiungo lisijilimbikize mpaka mwisho wa mstari ukawa mlima. Nne, programu inachagua njia ya mshono panapofanana zaidi. Mwisho ni kuchanganya. Peter Burt na Edward Adelson walionyesha mwaka 1983 kwamba mwanga mpana, kama wa mbingu, uchanganywe polepole katika eneo kubwa, na vitu vidogo, kama nyaya na majani, vichanganywe katika eneo finyu. Hivyo mbingu haina mstari, na jani halina kivuli cha pili. Matthew Brown na Lowe waliunganisha hatua hizi mwaka 2003, kompyuta ikaweza kupewa rundo la picha zisizopangwa ikazipanga yenyewe. Iko programu ya bure iitwayo Hugin, ambayo klabu ya shule inaweza kuitumia bila kulipa hata senti.

Wenyeji wa ziwa tuna tatizo letu. Maji hayana alama inayodumu. Wimbi la picha ya kwanza halipo tena katika picha ya pili, na kompyuta ikipewa picha mbili za maji matupu itapotea kabisa. Kwa hiyo kila mnapoelekea ziwani, hakikisheni sehemu ya kupandana ina kitu kisichohama: Bismarck Rock, ncha ya Saanane, nguzo ya gati. Mwamba mmoja utawafaa kuliko hekta mia za maji.

Mfano wa Zanzibar

Mtu asiseme haya ni mambo ya Marekani na Kanada. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Ndege zilikwenda na kurudi kama jembe la ng'ombe shambani, kila picha ikipandana na jirani zake, na kompyuta ikaunga yote yakawa picha moja ya nchi. Dar es Salaam nako, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo kutengeneza ramani za mitaa inayofurika, na picha za ndege hizo zilisaidia. Hapa kwetu Mwanza, mwaka 2018 ulifanyika mkutano wa ndege hizo ulioitwa Lake Victoria Challenge. Basi kazi hii inaweza kuwa ajira kwa mmoja wenu aliyeketi hapa.

Lakini picha ya angani inafundisha adabu. Jengo refu huinama likipigwa kutoka pembeni, kwa hiyo mshono ukipita juu yake, paa linaweza kukatika au ukuta ukaonekana mara mbili. Na bila alama zilizopimwa ardhini, picha nzima inaweza kuwa nzuri machoni na bado ikawa imehama mita kadhaa. Uzuri wa picha na ukweli wake si kitu kimoja.

Kinachopotea ndani ya mshono

Hapa nafika kwenye jambo lililonileta. Programu inapokuta mtu katika picha moja na hayupo katika picha jirani, inapaswa kuamua. Mara nyingi inamfuta, kwa sababu kufuta kunaacha picha safi. Ndiyo sababu mkimbiaji wetu wa leo hatapata pacha. Huenda asionekane kabisa. Programu mpya zaidi zinakwenda mbele ya hapo. Zikikuta pembe tupu zinaijaza kwa kubuni: majani yasiyoota, mawe yasiyokuwapo, hata madirisha. Wala hazikuambii ni wapi zimebuni.

Katika picha ya harusi hilo ni jambo dogo. Katika picha ya bonde la Mirongo si dogo. Mto huu unapita katikati ya makazi ya watu, unabeba taka za mji, na mvua kubwa zikija huingia majumbani. Nyumba zimepanda juu ya majabali ya Mabatini na kushuka hadi kingoni. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na watu wa kando ya maji walihama. Siku itafika mtu aulizwe: mto ulipita wapi kabla ya mafuriko? Nyumba yako ilikuwa upande gani? Mti huu ulikuwapo? Akileta picha ndefu nzuri ya klabu ya shule, na mshono umepita juu ya uwanja wake, picha itajibu kwa ufasaha, na jibu linaweza kuwa la uongo. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Ilitakiwa tu picha isiwe na kovu.

Hapa narudi kwa wale wa Cincinnati. Watu waliweza kusoma saa ya mnara baada ya zaidi ya karne moja na nusu kwa kuwa mabamba yenyewe yalihifadhiwa, kila moja na mpaka wake. Kama wangehifadhi nakala moja iliyolainishwa, saa ile ingekuwa doa.

Kwa hiyo naiomba klabu ifuate sheria tatu. Moja, picha za asili zisifutwe kamwe. Zihifadhiwe mahali pawili tofauti, na iliyoungwa ihesabiwe kuwa nakala. Pili, kila kipande kiandikwe tarehe, saa, mahali pa kusimama na upande ulioelekezwa. Tatu, pengo likitokea liachwe tupu. Pengo jeupe linamwambia mtazamaji kwamba hatukuona, na hiyo ni habari ya kweli.

Picha ya alasiri na pendekezo

Sasa kuhusu sisi wenyewe. Tukijipanga mstari mnyofu, wa katikati watakuwa karibu na kamera na wa pembeni mbali, hivyo wa katikati watatoka majitu na wa pembeni watoto. Tutasimama katika upinde, kama mwezi mchanga, kamera ikiwa mahali pa mwalimu. Hapo kila mtu atakuwa na umbali uleule, na cheo hakitaonekana kwa ukubwa wa kichwa. Nitapiga vipande saba. Pale panapopandana nitawapanga wazee, ambao hutulia. Vijana watakaa katikati ya kila kipande, ambako wakipepesuka hawataharibu kitu. Nikisema tulieni, naomba iwe kama wakati wa ukaguzi wa mabweni.

Na pendekezo langu ni hili. Kila mwaka tunapokutana, klabu ya shule ipande jabali moja, mahali pamoja patakapotiwa alama ya rangi, mwezi uleule na saa ileile ya asubuhi, ipige bonde la Mirongo kwa kanuni hizi. Umoja wetu ununue stendi moja imara na vifaa viwili vya kuhifadhia picha. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mahema tuliyokodi leo. Baada ya miaka kumi tutakuwa na kumbukumbu ambayo mji unaweza kuitegemea: mto ulisogea wapi, miti ipi ilikatwa, ipi ilipandwa, nyumba ngapi zilipanda mlimani. Ndani ya miaka michache tu tumeona daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu hivi, likivuka ghuba hadi kufunguliwa Juni 2025. Hakuna atakayesahau daraja. Vijumba na vichochoro ndivyo vitakavyosahauliwa, tusipovipiga.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Picha moja haioni bonde, na mtu mmoja hawezi kulipiga kwa miaka kumi. Naikabidhi kazi hii kwa klabu, na namwomba Ndugu Mwenyekiti aliweke pendekezo hili mbele ya mkutano kabla hatujala, kwa sababu baada ya kula akidi haitatimia.